Guni, Pijini na Mistari ya Githurai

Shairi la Sheng linaloishambulia serikali likifika mezani kwa mhakiki, aghalabu hubandikwa jina moja kati ya mawili. Likitazamwa umbo, huitwa guni. Ikitazamwa lugha yake, huitwa pijini. Hilo la pili ndilo lisilofaa kabisa, hasa kwa anayeijua historia ya miji ya Thika na Ruiru, Kenya.

Pijini huzaliwa pale watu wasio na lugha moja wanapolazimika kuelewana, iwe bandarini, sokoni au shambani. Afrika Magharibi ilipita hapo, na pijini yake ya Kiingereza ikakua hadi ikawa lugha ya kwanza ya watoto wa miji kama Warri na Sapele. Ndiyo maana mshairi wa Nigeria anayetaka kuwasuta wakubwa huikimbilia: ni mali ya wanaotawaliwa. Ezenwa-Ohaeto aliitumia katika diwani yake ya 1988, I Wan Bi President, ambayo jina lake peke yake linatosha kumkosesha mkubwa usingizi.

Huku kwetu pijini ilikuwa ya upande wa pili. Katika mashamba ya kahawa na mkonge yaliyotanda eneo hili, walowezi waliwasemesha vibarua kwa Kisetla, Kiswahili kilichong'olewa ngeli na viambishi kikabaki amri tupu: lete, peleka, wacha. Mtu mzima hakuambiwa "njoo", aliambiwa "kuja". Aliyetaka kulalamika hakulalamika kwa lugha hiyo. Muthirigu, wimbo wa ngoma uliowakejeli wamisheni na machifu, ulienea Kiambu kwa Kikuyu mwaka 1929, waimbaji wakiongeza beti zao kila ulikofika, hadi serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mwaka 1930. Chanzo chake, yaani utetezi wa tohara ya wasichana, sikiungi mkono hata kidogo. Ila namna ulivyotungwa, na umati, papo hapo, bila mwenyewe wa kukamatwa, ndiyo namna inayotumika mitaani mpaka leo.

Sasa iweke Sheng kando ya Kisetla. Kanjo ni askari wa kaunti, yule anayemwaga nyanya za mama mboga kando ya barabara. Wingi wake ni makanjo. Kusota ni kuishiwa kabisa, na humo tumepata msoto, kwa njia ileile iliyotupa mchezo kutokana na kucheza. Ngeli zipo, viambishi vipo, unyambuaji unaendelea. Kisetla kilikipunguza Kiswahili. Sheng inakiongezea, na anayeisema anao Kiswahili tayari. Hiyo si pijini. Wataalamu wanaoiita lahaja ya vijana wa mjini wako karibu zaidi na ukweli.

Turudi kwenye guni. Istilahi hii ni hukumu: shairi lilikusudia mizani na vina, likashindwa. Yalipozuka mashairi huru, kama ya Euphrase Kezilahabi katika Kichomi mwaka 1974, mabishano yalikuwa makali, na wengine wakayakatalia hata jina la ushairi. Lakini mistari, kama vijana wenyewe wanavyoziita tungo zao, haikukusudia mizani kumi na sita. Inafuata mdundo, na uti wake wa mgongo ni kibwagizo, kwa sababu umati uliosimama barabarani Githurai, karibu na Ruiru, lazima upate mahali pa kuitikia. Kibwagizo ni istilahi ya kale, nayo inatosha. Sioni haja ya kuunda nyingine.

Na wakati mwingine mtaa hutimiza sheria zote za wazee ndani ya neno moja. Chukua mwenyenchi, neno la mzaha mchungu lililozunguka katika siasa za Kenya kwa muda. Mwananchi ni mwana wa nchi, mwenyenchi ni mwenye nayo. Hesabu silabi: mwa-na-n-chi, mwe-nye-n-chi. Mizani minne kwa minne, kina kimoja, na katikati tofauti ya anayelipa kodi na anayeitafuna.

Kuna lawama nyingine, kwamba mashairi haya hayaeleweki nje ya mtaa na yatakufa pamoja na maneno yake. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa waraka wa "Kenya: Twendapi?", alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani, na Kamiti, moja ya magereza alimowekwa, haiko mbali na Githurai. Alitunga kwa Kimvita, na msomaji wa bara huhitaji kuelezwa maneno mengi humo. Hakuna aliyemwambia aandike kwa lugha nyingine. Dawa ilikuwa sherehe, maelezo ya maneno yanayoambatanishwa na diwani.

Mistari ya Thika na Ruiru inahitaji dawa hiyo hiyo, tena haraka, kabla waliokuwepo hawajasahau. Juni 2024, watu walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, walimwita Rais William Ruto kwa jina alilokuwa ameshapewa la Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka aliyepanda mkuyu akaamriwa ateremke. Kitenzi kilichoambatana na jina hilo ni kile ambacho abiria wa matatu husikia kila siku. Usiku wa tarehe 25, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, milio ya risasi ilisikika Githurai. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada. Sherehe ya diwani ya mwaka ule ingeanza hivi:

kanjo nm (ma-) askari wa kaunti.
msoto nm hali ya kuishiwa kabisa.
mwenyenchi nm (wenye-) anayeishika nchi kama mali yake, taz. mwananchi.
shuka kt 1 teremka kwenye gari. 2 (Juni 2024) punguza kodi, ondoka madarakani.