Majina ya Koo Zilizorudi Kutoka Babeli: Makuhani, Walei na Wale Waliokosa Kuandikwa

Msomaji wa Biblia anayefika sura ya pili ya Kitabu cha Ezra mara nyingi huiruka. Hukutana hapo na safu ndefu ya majina magumu kutamkwa, kila jina likifuatwa na idadi, na orodha hiyo hiyo hurudiwa, kwa tofauti chache, katika sura ya saba ya Kitabu cha Nehemia. Hata hivyo Kanisa huipokea sura hiyo kama sehemu ya Neno la Mungu, na ndani yake limo swali lililowagusa sana watu wa wakati ule: baada ya nchi kupotea, mfalme kuondolewa na Hekalu kuteketezwa, ni nani aliyebaki kuwa taifa la Mungu, na angejulikanaje?

Makala hii inaeleza koo zilizotajwa katika orodha hizo, maana ya baadhi ya majina, na habari ya familia zilizotafuta majina yao kitabuni zisiyaone.

Historia kwa ufupi

Mwaka 597 K.K. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alimchukua mateka mfalme Yehoyakini pamoja na wakuu na mafundi wa Yerusalemu. Miaka kama kumi baadaye mji ulibomolewa, Hekalu likachomwa moto, na kundi jingine likapelekwa uhamishoni. Mwaka 539 K.K. Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliitwaa Babeli, na mwaka uliofuata akawaruhusu Wayahudi kurudi na kuijenga upya nyumba ya Mungu wao. Hekalu jipya lilikamilika mwaka 515 K.K.

Si wote waliorudi. Mabamba ya udongo yaliyogunduliwa katika nchi ambayo leo ni Iraki, yenye mikataba ya mashamba, mikopo na kodi, yanaonyesha Wayahudi wakiendelea kuishi huko. Kulikuwa hata na makazi yaliyoitwa kwa jina la Yuda. Waliorudi, basi, waliacha nyumba na mashamba ya wazazi wao ili waiendee nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona kwa macho. Walichokuwa nacho mkononi ni jina la ukoo.

Koo za walei

Neno «walei» tunalitumia hapa kwa maana ya Waisraeli wote wasiokuwa wa kabila la Lawi. Ezra anawaandika kwa namna mbili. Kwanza anawataja kwa jina la baba wa ukoo: wana wa Paroshi 2,172, wana wa Shefatia 372, wana wa Pahath-Moabu 2,812, wana wa Elamu 1,254, wana wa Zakai 760, wana wa Adonikamu 666, na wengineo. Kisha anawataja wengine kwa jina la mji wao wa asili: watu wa Bethlehemu 123, watu wa Anathothi 128, watu wa Yeriko 345. Inaelekea kwamba kwa hao wa kundi la pili kumbukumbu ya kijiji ndiyo iliyoshika nafasi ya kumbukumbu ya babu.

Majina yenyewe yanasimulia. Shefatia maana yake ni «Bwana amehukumu», na Adonikamu ni «Bwana wangu ameinuka». Hayo ni maungamo ya imani yaliyogeuka kuwa majina ya watu. Zakai ni «safi» au «asiye na hatia», na ndilo jina la yule mtoza ushuru Zakayo ambaye Yesu alishinda nyumbani kwake. Paroshi ni «kiroboto», jina ambalo yamkini lilianza kama la utani, lakini wazao wake walilibeba bila aibu wakawa mojawapo ya koo kubwa kupita nyingine. Pahath-Moabu ni «liwali wa Moabu», cheo cha babu fulani kilichogeuka kuwa jina la ukoo wake wote.

Majina mengine yana harufu ya ugenini. Bigwai ni jina la Kiajemi. Zerubabeli, kiongozi wa msafara na mjukuu wa mfalme Yehoyakini, anaitwa «mzao wa Babeli», na jina la Mordekai limetokana na Marduki, mungu wa Wababeli. Watu hao waliishika imani yao katikati ya lugha na desturi ngeni, na alama za mazingira hayo zikabaki katika majina yao.

Kuhusu Anathothi kuna jambo la pekee. Huo ndio mji wa nabii Yeremia. Yerusalemu ulipokuwa umezingirwa na jeshi la Babeli, Yeremia alinunua shamba huko Anathothi na kuihifadhi hati yake katika chombo cha udongo, kuwa ishara kwamba siku moja watu wangerudi kununua nyumba na mashamba. Idadi ile ndogo ya watu 128 ni jibu la tendo lake la imani.

Koo nne za makuhani

Makuhani waliorudi na Zerubabeli na kuhani mkuu Yeshua walitoka katika koo nne: wana wa Yedaya, wa mbari ya Yeshua, 973, wana wa Imeri 1,052, wana wa Pashuri 1,247, na wana wa Harimu 1,017. Jumla yao ni 4,289, yaani kama mtu mmoja katika kila kumi wa kusanyiko lililohesabiwa kuwa watu 42,360. Tarakimu nyingi za Ezra na Nehemia hutofautiana, lakini za koo hizi nne zinalingana kabisa, nasi twaweza kuona jinsi ukuhani ulivyotunziwa kumbukumbu kwa uangalifu.

Yedaya, Harimu na Imeri ni miongoni mwa zamu ishirini na nne za makuhani zilizotajwa katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 24: ya pili, ya tatu na ya kumi na sita. Pashuri hamo katika orodha hiyo, ila mahali pengine anaitwa mwana wa Malkiya, na Malkiya ndiye wa zamu ya tano.

Majina ya Imeri na Pashuri yanaamsha kumbukumbu chungu. Kuhani Pashuri mwana wa Imeri ndiye aliyempiga Yeremia na kumfunga katika mkatale. Pashuri mwingine, mwana wa Malkiya, alikuwa mmoja wa wakuu waliotaka Yeremia auawe. Lakini koo zenye majina hayo hayo zilirudishwa na kupewa tena huduma ya madhabahu. Wala kurudi hakukuwafanya wakamilifu: katika sura ya kumi, Ezra anawataja kwa majina makuhani kumi na saba wa koo hizo nne waliokuwa wameoa kinyume cha Sheria. Orodha takatifu haikuficha makosa ya watumishi wa Hekalu.

Walawi na watumishi wengine

Jambo la kushangaza ni uchache wa Walawi: 74 tu, waimbaji wana wa Asafu 128, na mabawabu 139. Miaka mingi baadaye, Ezra alipokusanya msafara wake kando ya mto Ahava, hakuona Mlawi hata mmoja. Ikambidi kutuma wajumbe Kasifia, wakapatikana 38. Wafafanuzi husema huenda sababu ni kwamba huduma ya Walawi ilikuwa ya chini, nao hawakuwa na urithi wa ardhi wa kuwavuta nyumbani.

Baada yao wanatajwa Wanethini na wazao wa watumishi wa Sulemani, jumla 392. Hao walifanya kazi za chini kabisa Hekaluni, na baadhi ya majina yao yanaonyesha asili ya kigeni. Hata hivyo wameandikwa ukoo kwa ukoo, kama makuhani walivyoandikwa.

Waliokosa kuandikwa

Mwishoni mwa orodha panakuja habari ya huzuni. Wana wa Delaya, wa Tobia na wa Nekoda, jumla 652, walishindwa kuthibitisha kwamba wao ni wa Israeli. Miongoni mwa makuhani pia kulikuwa na koo tatu za namna hiyo: Habaya, Hakosi na Barzilai. Walitafuta majina yao katika kitabu cha nasaba, wala hayakuonekana. Wakaondolewa katika ukuhani, na liwali akaamuru wasile vitu vitakatifu sana hadi atakapokuwapo kuhani mwenye Urimu na Thumimu wa kuuliza shauri la Mungu.

Ukoo wa Barzilai una maelezo yake. Babu yao, aliyekuwa kuhani, alimwoa binti wa Barzilai Mgileadi, yule mzee tajiri aliyemlisha Daudi alipomkimbia Absalomu, kisha akatwaa jina la upande wa mkewe. Lilikuwa jina la heshima, lakini lilifunika nasaba ya ukuhani.

Tuangalie vema uamuzi wa liwali. Hakuwafukuza katika taifa wala hakuwaita waongo. Aliwazuia wasitoe huduma, akaliacha shauri wazi mbele ya Mungu. Nao hawakurudi Babeli kwa hasira, bali walibaki wakisubiri.

Nini kiliupata ukoo wa Hakosi?

Maandiko yanatupa dalili. Katika ujenzi wa ukuta wakati wa Nehemia anatajwa Meremothi, mwana wa Uria, mwana wa Hakosi, aliyejenga sehemu mbili. Na katika Ezra 8, fedha na dhahabu za Hekalu zinapimwa na kukabidhiwa mkononi mwa kuhani Meremothi, mwana wa Uria. Wafafanuzi wengi humwona kuwa mtu yule yule. Basi ukoo wake ulikuwa umekwisha kupokewa tena. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo, sura ya 8, jina hilo linaonekana tena: Yuda Mmakabayo anamtuma Roma Eupolemo, mwana wa Yohane, wa ukoo wa Hakosi, kwenda kufanya mapatano kwa niaba ya taifa lote.

Kutoka nasaba hadi wito

Majina haya yanafika hadi Agano Jipya. Zerubabeli yumo katika ukoo wa Yesu kwa Mathayo na kwa Luka pia. Zakaria, baba wa Yohane Mbatizaji, alikuwa kuhani wa zamu ya Abiya, na jina la Abiya limo kati ya wakuu wa makuhani waliorudi, katika Nehemia 12.

Lakini Waraka kwa Waebrania unatangaza jambo jipya: Bwana wetu alitoka kabila la Yuda, ambalo Musa hakulipa ukuhani. Ukuhani wake ni kwa mfano wa Melkisedeki, ambaye Maandiko hayatoi nasaba yake. Katika Kanisa, kwa hiyo, hakuna ukoo wa makuhani. Padre hupokea daraja kwa wito na kwa kuwekewa mikono, na kila mbatizwa, mtoto wa yeyote yule, hushiriki ukuhani wa kifalme wa taifa la Mungu.

Hata hivyo Kanisa halikuacha kuandika majina. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo. Wapo waamini wanaofika ofisini kutafuta cheti kwa ajili ya ndoa, na jina lisionekane, kwa sababu ya daftari lililoharibika au kosa la mwandishi. Hao wasikate tamaa. Kanuni ya 876 inaeleza kwamba, pasipo kumdhuru mtu, ushuhuda wa mtu mmoja mwaminifu watosha kuthibitisha ubatizo, au kiapo cha mbatizwa mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Wazazi na wasimamizi nao wakumbuke wajibu wao: kuhakikisha jina la mtoto limeandikwa sawasawa, na kuitunza tarehe na parokia ya ubatizo.

Wana wa Hakosi walitafuta wasilione jina lao. Lakini Mungu aliwafahamu tangu kitabuni hawamo, na kwa wakati wake wakasimama tena kati ya ndugu zao, mawe ya ukuta mikononi.