Herufi K na Maana Zake katika Elimu Mbalimbali

Mwanafunzi wa lugha hufundishwa mapema kwamba herufi moja haina maana. Herufi k husaidia tu kutenga neno na neno, kama vile kata na pata. Yenyewe haitaji kitu. Kanuni hii ni ya kweli kwa herufi iliyomo ndani ya neno. Herufi ikitolewa ndani ya neno na kusimamishwa peke yake, hali yake hubadilika: huwa alama, na kila taaluma huipa kazi yake. Historia ya herufi K yaonyesha jambo hilo waziwazi, nayo yawahusu hasa wale wanaoandika elimu kwa Kiswahili.

Asili ya herufi hii ni ya Kisemiti. Jina lake la kale, kaf, lamaanisha kiganja. Wayunani waliipokea kwa Wafoinike wakaiita kapa, na kutoka huko ikawafikia Warumi, ambao waliitumia kwa nadra kwa kuwa walipenda kuandika sauti hiyo kwa C. Tawi jingine la shina hilohilo lilipitia Kiaramu likazaa kaf ya Kiarabu. Kwa hiyo, Mswahili wa zamani aliyeandika waraka wake kwa herufi za Kiarabu, na mjukuu wake aandikaye kwa herufi za Kirumi, wote wawili hutumia herufi za ukoo mmoja. Ushahidi wa undugu huo umo katika hesabu: katika abjadi ya Kiarabu kaf ni 20, na katika hesabu ya Wayunani kapa nayo ni 20.

Ilipoingia katika Kiswahili cha herufi za Kirumi, K ilibeba mzigo mkubwa zaidi. Kiarabu kina kaf na kina qaf. Ya kwanza ni 20 na ya pili ni 100. Neno kitabu asili yake ni kaf, na neno kalamu asili yake ni qaf, lakini Kiswahili sanifu huyaandika yote mawili kwa K. Tena K hiyohiyo huficha tofauti iliyo ya Kiswahili chenyewe. Katika lahaja za pwani, hasa Kimvita, kaa la moto hutamkwa bila pumzi na kaa wa baharini hutamkwa kwa pumzi, lakini maandishi sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo. Hivyo herufi inayodhaniwa kuwa nyepesi kuliko zote imekusanya sauti kadhaa chini ya umbo moja.

Nje ya uandishi wa maneno, K imesafiri mbali zaidi. Al-Qalasadi, mwanahisabati wa Andalusi aliyefariki mwaka 1486, alitumia kaf kuwa kifupi cha kaab, yaani kipeo cha tatu cha namba isiyojulikana. Katika kemia, tangu Berzelius wa Uswidi alipotoa utaratibu wake wa alama katika miaka ya 1813 na 1814, elementi zilianza kuandikwa kwa herufi za majina yake ya Kilatini, na katika utaratibu huo potasiamu ikawa K, kwa jina kalium. Jina hilo nalo asili yake ni neno la Kiarabu al-qali, yaani majivu ya mimea. Neno la Kiarabu lilikuwa na qaf. Ulaya iliandika kwa K kama Kiswahili kilivyofanya katika kalamu.

Katika vipimo, k ndogo ni kilo, yaani 1000, kama walivyoamua Wafaransa mwaka 1795 kwa kufuata neno la Kiyunani ambalo, ajabu yake, huanza kwa herufi khi wala si kapa. Mafundi wa kompyuta wakaichukua K kwa 1024, na utata uliotokea ukailazimisha Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, mwaka 1998, kuweka alama mpya, Ki. K kubwa katika fizikia ni kipimo cha halijoto, kwa heshima ya William Thomson, ambaye alipewa cheo cha Lord Kelvin kutokana na mto Kelvin upitao karibu na Chuo Kikuu cha Glasgow. Tangu mwaka 2019, K hiyo hufafanuliwa kwa kutumia k ndogo ya Boltzmann: herufi moja yaeleza herufi moja, na mwenye kuchanganya kubwa na ndogo amepotea.

Hata uchunguzi wa lugha za Kibantu una K yake. Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa mwaka 1948, aligawa lugha hizo kwa kanda zenye herufi. Aliruka I na J, hivyo K ikafuata H, nayo ni ya lugha kama Kichokwe na Kiluvale. Kiswahili kimo katika kanda ya G. K hapa haisimamii neno lolote. Ni mahali katika orodha tu.

Sasa yafaa kutazama isimu iandikwayo kwa Kiswahili. Muundo wa silabi, ambao kwa Kiingereza huandikwa CV, umetafsiriwa KI, yaani konsonanti na irabu. Katika sarufi, kirai nomino ni KN na kirai kitenzi ni KT, hivyo K ni kirai. V, iliyokuwa irabu kwa Waingereza, kwa Waswahili ni kivumishi. Tafsiri hizi ni za haki, kwa kuwa alama hizo ni vifupi vya maneno ambayo mwanafunzi hana budi kuyakumbuka. Akiona K akumbuke konsonanti. Lakini zina gharama. Mwanafunzi akutanaye na KI katika ukurasa mmoja na kiambishi ki- katika ukurasa wa pili aweza kudhani ni kitu kimoja, na aliyezoea K ya fonolojia aweza kuisoma KN vibaya.

Kwa upande wa kemia, Kiswahili kilifanya kinyume: jina ni potasiamu, alama imebaki K. Hapo pia hakuna kosa. Alama ya kemia ni mapatano ya mataifa yote, na kuibadilisha kungemtenga mwanafunzi wa Dodoma au Mombasa na vitabu vya dunia bila kumfaidi kitu. Kipimo, basi, si uzalendo wala uigaji. Alama iliyo kifupi cha neno la kufundishia yastahili kutafsiriwa. Alama iliyokwisha kuachana na neno lake, ikawa mali ya wote, yastahili kuachwa.

Katika hali zote mbili, mwandishi ana wajibu mmoja: kueleza alama zake kabla ya kuzitumia, hata akidhani zajulikana. Kaf ilimaanisha kiganja, na kiganja hupokea kila kinachotiwa ndani yake. Msomaji ana haki ya kuambiwa kilichotiwa.