Kinga ya taa ya pikipiki na jinsi ya kuifunga

MWENDESHAJI bodaboda anayebeba abiria usiku kati ya Migori na Isebania, au kutoka Rongo kuelekea Homa Bay, huwa na taa moja tu ya mbele ya kumwonyesha njia. Chochote kinachofungwa karibu na taa hiyo chaweza kumsaidia au kumhatarisha.

Pikipiki ziliongezeka kwa kasi nchini baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT mnamo 2008 kwa zile zenye injini ndogo ya chini ya 250cc. Pamoja nazo ilistawi biashara ya spea na mapambo, ikiwemo kinga ya taa: kipande cha plastiki kinachofungwa juu ya taa ya mbele ili kupunguza upepo, vumbi, mvua na wadudu wanaompiga mwendeshaji kifuani. Kwa wanaopita kando ya Ziwa Victoria jioni, wadudu hao si jambo dogo.

Kabla ya kununua, pima upana wa taa na nafasi iliyopo kati ya boliti zinazoishikilia. Kinga isiguse kioo cha taa, kwa sababu joto la balbu huweza kuikunja plastiki. Isifunike taa za ishara wala nambari ya usajili ya mbele, na isimzuie mwendeshaji kuona barabara.

Kabla ya kufungua chochote, simamisha pikipiki mbele ya ukuta wakati wa giza, magurudumu yote mawili yakiwa chini na mtu ameketi juu yake. Washa taa na uchore alama pale mwanga unapoishia. Weka pia alama ardhini mahali gurudumu la mbele liliposimama.

Zima injini kisha ulegeze boliti za taa moja baada ya nyingine. Tumia boliti hizo hizo kushikilia vyuma vya kinga, au nyingine ndefu kidogo zenye unene ule ule. Weka washa za mpira kati ya chuma na plastiki ili mtikisiko wa barabara mbovu usiipasue. Usitoboe kasha la taa, kwani maji yataingia na kuharibu sehemu inayoakisi mwanga.

Kaza kwa kiasi, kisha geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Nyaya za klachi, breki na umeme zisivutwe wala kubanwa. Washa injini urudie zoezi hilo: mngurumo ukipanda bila mkono kugusa mafuta, waya wa mafuta umebanwa na lazima upangwe upya.

Hatimaye, irejeshe pikipiki kwenye alama zake. Mwanga ukipanda, utawapofusha madereva wanaokuja mbele. Ukishuka, mwendeshaji hataona shimo wala mpita njia mapema.

Upepo nao usidharauliwe. Mwendo unapoongezeka kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu ya upepo kwenye kinga huongezeka mara nne. Kwa hivyo kagua boliti tena baada ya siku chache, na uioshe plastiki kwa maji na sabuni, si petroli, ambayo huipasua.

Kinga hii haichukui nafasi ya helmeti wala jaketi inayoakisi mwanga.