Ng'ombe Walitangulia Cheti

Kakamega hutaulizwa kazi unayofanya kabla hujaulizwa mama yako ni wa ukoo gani. Kwenye kikao cha posa wazee huanza na ukoo wa baba, wakavuka kwa khotsa, yaani upande wa wajomba, halafu wakageukia kukhu aliyemzaa baba na kukhu aliyemzaa mama. Nyuzi hizo zikigusana popote na za upande wa pili, mambo yameishia hapo. Chai itanyweka, watu wataagana vizuri, na kijana atarudi nyumbani akiwa amepata binamu badala ya mchumba. Abaluhya hawaoani ndani ya ukoo wa baba wala wa mama, na katika familia nyingi hata ukoo wa bibi umefungwa. Ndiyo maana nyumba ambayo haijawahi kuandika mstari mmoja wa historia yake inaweza kukutajia koo nne bila kusitasita.

Nimelikumbuka hilo nikisoma jinsi wajukuu wa wakulima wa Australia wanavyowatafuta mababu zao. Jimbo la Victoria lilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwaka 1853, na New South Wales ikafuata 1856. Mchunga kondoo aliyeoa kijijini huko karne moja na nusu iliyopita ameacha cheti, na juu ya cheti yapo majina ya wazazi wa pande zote mbili, kazi yake na mahali alipokaa. Tangu 2009 Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo imeyaweka magazeti ya zamani, hata ya miji midogo, kwenye hazina ya intaneti iitwayo Trove. Mjukuu hutafuta jina akiwa kwenye kiti chake, akasoma harusi ilifanyika kanisa gani. (Wenyeji wa asili wa bara hilo hawakupata bahati hiyo, wengi wao waliachwa nje ya madaftari hayo kwa muda mrefu.)

Sasa tumchukue mwanamke wa kwetu. Wa kufikirika tu, maana walio halisi wana wajukuu wenye haki ya kuulizwa kwanza. Amezaliwa Isukha, hapa Kakamega, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaolewa kwa majirani wa Idakho miaka ya 1930, wakati wa mbio za dhahabu. Tutampata wapi?

Cheti cha kuzaliwa tukisahau. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa 1928, lakini kwa Waafrika wengi ulazima wake ulikuja wilaya baada ya wilaya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka wake tutaukisia kwa matukio. Je, mama yake alimbeba mgongoni wakati wanaume wakikusanywa kuwa wapagazi wa jeshi, wale wa Kariakor (Carrier Corps)? Alikuwa ameshaanza kutembea homa kubwa ya 1918 ilipopita? Kuna wanaume magharibi mwa Kenya wanaoitwa Keya, na jina hilo ni kumbukumbu ya kikosi cha KAR (King's African Rifles). Jina lake mwenyewe halitatusaidia sana, kwa sababu huenda ni la bibi aliyefariki kabla yake, na binamu zake watatu wanalo pia. Jina la namna hiyo linaonyesha mlango wa nyumba bila kusema nani yuko ndani.

Halafu kuna kosa ambalo watafutaji wengi wa siku hizi hulifanya: wanafungua faharasa za zamani wakitafuta neno Luhya. Halimo. Waingereza waliwaita watu wa eneo hili Wakavirondo, Wabukusu wakaitwa Kitosh, jina ambalo Waingereza walilipata kwa majirani, na neno Kakumega likatumika kwa watu wa Isukha na Idakho. Jina Abaluyia, lenye mzizi katika oluyia, mahali pa moto pa ukoo, lilipigiwa debe miaka ya 1930 na wanasiasa vijana wa North Kavirondo Central Association, wakiwamo John Adala na wenzake, waliotaka makabila madogo yaseme kwa sauti moja. Wilaya yenyewe ilikuwa North Kavirondo hadi 1948, ikageuzwa North Nyanza. Makao yake yalikuwa Mumias, kwa Nabongo, yaani mfalme, Mumia wa Wanga, mpaka yalipohamishiwa Kakamega mwaka 1920. Na kabla ya Aprili 1902 eneo lote lilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda! Anayetafuta babu wa 1898 atambue kwamba Nairobi ilikuwa bado haina neno lolote juu yake.

Serikali ilipoanza kuwahesabu watu wa Kakamega ilihesabu mapato na mikono ya kazi. Kipande kilitungiwa sheria 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya vita. Kila mwanamume aliyetimiza umri alibeba karatasi yenye jina, wilaya, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kwa mjukuu wa leo kile kilichowadhalilisha wazee kimegeuka hazina, kwa sababu kupitia kipande unaweza kumfuata mwanamume kutoka shamba la chai la Kericho hadi reli. Mwanamke hakuwa nacho. Kipande kilipokomeshwa 1947 na uandikishaji kuwekwa kwa watu wa rangi zote, bado yeye alibaki nje. Kitambulisho cha mwanamke kilisubiri hadi mwisho wa miaka ya 1970.

Mahali alipoonekana kwanza machoni pa dola ni kwenye kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilitozwa kwa idadi ya nyumba, na kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, mume wa wake watatu alilipa mara tatu. Kwa hiyo bibi yetu anaingia kwenye daftari la karani kama paa la nyasi lenye thamani ya shilingi kadhaa, chini ya jina la mtu mwingine. Sijui matusi zaidi ya hayo, ila kwa mtafiti ni kitu: nyumba zikiongezeka kutoka moja kuwa mbili, harusi imefanyika.

Sasa tufike kwenye dhahabu. Mwaka 1931 Mmarekani L. A. Johnson, mkulima aliyekuwa ametulia upande wa Turbo, alipata dhahabu karibu na Kakamega. Bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka duniani kote, nzige walikuwa wamekula mashamba, na walowezi waliokuwa wanafilisika wakaja mbio na karai zao. Mahema yakajaa kandokando ya mito. Mwanajiolojia Sir Albert Kitson aliletwa 1932 kuchunguza, akatoa matumaini makubwa. Shida ilikuwa moja: sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi ni yao milele, na ikichukuliwa sehemu yoyote, baraza lao lishauriwe na ardhi nyingine ya kutosha itolewe. Ahadi hiyo ilidumu miaka miwili. Desemba 1932 sheria ilirekebishwa kwa haraka, fidia ikawa ya pesa, na ushauri ukaondolewa. Shemasi mkuu (Archdeacon) Walter Owen wa kanisa la Anglikana, alipiga kelele hadi magazeti ya Uingereza yakamsikia, lakini mashimo yaliendelea kuchimbwa. Mwanahistoria Priscilla Shilaro amekiandikia kisa hicho kitabu kizima, A Failed Eldorado, na sina haja ya kukirudia hapa.

Kinachonihusu ni kwamba dhahabu ilileta karatasi. Migodi iliajiri maelfu ya wanaume kwa mshahara, karibu na nyumbani, na fidia ya pesa hailipwi bila jina la mwenye boma. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter, ilisikiliza wazee wa wilaya hii 1932, na ushahidi wao ukachapishwa. Mwenye subira atakuta humo wazee wakieleza ni ukoo gani ulikaa wapi, na ulifika kutoka wapi. Mgodi mkubwa wa Rosterman uliendelea hadi 1952 ukafungwa. Jina limebaki kuwa jina la mtaa.

Mume wa bibi yetu, tuseme, alishuka mgodini ili kupata ng'ombe. Hapa ndipo hadithi ya ndoa yenyewe ilipo. Mjerumani Günter Wagner, aliyekaa kati ya Walogoli na Wabukusu miaka ya 1930, aliandika mabuku mawili, la kwanza 1949 na la pili 1956, na ameeleza kwa kirefu mahari hiyo wanayoiita ovukwi au bukhwi. Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti hawakukaa zizini kunenepa. Kaka yake aliwachukua akaenda kuoa. Mke wa kaka kwa hiyo alikuwa ameolewa kwa ng'ombe wa wifi yake, na wifi huyo alikuwa na sauti katika nyumba hiyo maisha yake yote. Ukimfuata ng'ombe, umeifuata familia. Aliyetoka Idakho mwaka huu kwa ajili ya binti wa Isukha, mwakani yuko Kabras kwa ajili ya mke wa kaka, na ndama wake amekwenda Butsotso. Mzee asiyekumbuka mwaka wa harusi yake anakumbuka rangi ya dume lililokataliwa.

Na kanisani? Inategemea kanisa lipi, na watu hupoteza muda mwingi hapa kwa kutouliza. Mapadre wa Mill Hill walikuwa Mumias mwaka 1904 na Mukumu, ndani ya Isukha, 1906. Tangu Pasaka ya 1908 Roma iliagiza kwamba ndoa ya Mkatoliki iandikwe pia pembeni mwa jina lake katika daftari la ubatizo. Kwa hiyo usihangaike na daftari la ndoa tu. Tafuta ubatizo, soma pambizo. Maandishi ni ya Kilatini na mwandiko wa mapadre unachosha macho, lakini mama, baba, wasimamizi, wote wamo. Marafiki, wale Quaker waliofika Kaimosi 1902 na kufungua Lirhanda baadaye, hawabatizi kwa maji kabisa, basi daftari la ubatizo halipo; kwao ni orodha za washirika na kumbukumbu za mikutano. Butere, walikoanza Waanglikana mwaka 1912, ni jambo lingine. Mumias kuna Waislamu wa siku nyingi, waliotokana na misafara ya Waswahili iliyopumzika kwa Mumia ikielekea Uganda, na nikahi zao hazitafutwi kwa padre. Familia moja inaweza kuwa imepita katika milango yote hiyo ndani ya vizazi viwili. Tena wengi walioana kwa ng'ombe wakiwa vijana, wakaja kubariki ndoa kanisani wakiwa na wajukuu. Tarehe ya kanisani, hata ikiwa imeandikwa kwa wino mzuri, inaweza kuwa imechelewa kwa miaka 30.

Hifadhi niliyo na imani nayo kuliko zote, hata hivyo, ni mahakama za wenyeji. Mume aliyeachwa alishtaki arudishiwe ng'ombe. Baba mkwe akajibu kwamba watoto waliozaliwa wakatwe katika hesabu. Karani akaandika: ng'ombe wangapi, waliokufa wangapi, nani alikuwa mshenga, nani alishuhudia. Wilaya hii ilikuwa na kesi hizo kwa wingi, kama ilivyokuwa kwa Wagusii. Ndoa iliyotulia haikumfikisha mtu mbele ya karani hata siku moja. Kwa hiyo, kama bibi yetu alikaa Idakho miaka 50 kwa amani, mahakama haimjui; kama alikimbia mwaka wa pili, huenda tuna kurasa sita juu yake, na pengine maneno yake mwenyewe, yaliyotafsiriwa mara mbili kabla ya kufika kwenye karatasi.

Aliyekaa kwa amani tutampata matangani. Mke huzikwa kwa mumewe, na ikiwa ng'ombe hawakukamilika, kaka zake wanaweza kusimama pembeni mwa kaburi na kudai kabla mchanga haujamwagwa. Siku hiyo hesabu ya miaka 60 hufunguliwa hadharani, ng'ombe mmoja mmoja, mbele ya watu walio tayari kupinga uongo. Kwa Wabukusu, siku chache baada ya mazishi ya mzee mwanamume wa heshima msemaji wa kumuse husimama na kuitembeza nasaba ya koo kwa saa nyingi. Isukha na Idakho wana fahali na ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Siku hizi kuna pia kile kijitabu cha wasifu wa marehemu chenye picha ya rangi, kinachogawiwa chini ya turubai kisha kikaachwa kwenye nyasi. Kiokote. Kinataja alizaliwa kwa nani, ukoo gani, aliolewa wapi, na ni mara nyingi chapisho la kwanza na la mwisho katika maisha yake kumwandika kwa jina kamili.

Sheria ya Ndoa ya 2014 sasa inataka hata ndoa ya kimila iandikishwe, kwa hiyo wajukuu wa wajukuu watapata kazi rahisi. Wewe unayetafuta leo, ukifika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi au katika tawi lao la Kakamega, usianze na jina la babu. Nenda na ukoo wa kukhu, ukoo wa mama yake, kata alikozaliwa na alikoolewa, na idadi ya ng'ombe ikiwa yupo anayeikumbuka. Halafu omba mafaili ya North Kavirondo.