Askofu Steere na Njia za Kiingereza

Kusini ya Nandagala, ng'ambo ya Nachingwea, ndiko Masasi. Huko alifika Askofu Edward Steere mwaka 1876, akitoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wengi wamjua kwa kanisa lake la Unguja, lililojengwa mahali pa soko la watumwa. Sisi twataka kumtaja kwa kazi nyingine. Kitabu chake cha kufundisha Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na cha Kiyao mwaka 1871, na ndani yake aliilinganisha lugha yake na lugha za huku.

Yeye aliwaandikia Waingereza. Lakini mtu wa Nandagala ajifunzaye Kiingereza aweza kuifuata njia ile ile, akitokea upande wa pili. Tazama kisu, mti na embe. Sisi twasema kimeanguka, umeanguka, limeanguka, na msikilizaji hupata dalili ya kitu kilichotajwa. Kimwera nacho kina desturi ya namna hiyo. Mwingereza ana neno moja tu, it, kwa vyote vitatu. Hapo, kwa maoni yetu, Kiingereza ni maskini.

Lakini tukisema "amekuja", hatujaeleza kama ni mwanamume au mwanamke. Mwingereza hana budi kuchagua, he au she. Jambo hili si dogo barazani. Shahidi akisema, "Alimpiga, kisha akakimbia," mkalimani asiyeuliza habari za watu hao aweza kumfanya mume kuwa mke, na hakimu akaandika neno ambalo shahidi hakulitamka.

Mafumbo ni magumu zaidi. Mwingereza akisema kwamba mvua yanyesha paka na mbwa, maana yake ni mvua kubwa tu. Naye akiambiwa kwamba fulani ana mkono wa birika, atatafuta birika, asijue kuwa atajwa bahili. Tena neno "kupiga" humsumbua sana: twapiga magoti, twapiga mbio, wala hapana aliyeumizwa. Steere mwenyewe alipiga chapa vitabu huko Unguja, na vijana waliokombolewa wakajifunza kazi hiyo.

Basi mwanafunzi akutanapo na maneno ya Kiingereza yasiyoingia akilini, asiyafasiri moja moja. Na ayasome yote pamoja, atazame yaliyotangulia na yanayofuata, kisha ajiulize mzee wa kijijini kwake angalilisemaje jambo lile.