Fibi wa Bandarini

Somo letu la leo latoka katika Waraka kwa Warumi, sura ya 16, mstari wa 1 na wa 2. Kama Biblia yako i karibu, ifungue. Kama uko jikoni na mikono ina unga, sikiliza tu, utasoma baadaye.

Mistari hiyo yamtaja mama mmoja jina lake Fibi, wa kanisa la Kenkrea. Kenkrea ilikuwa bandari ya mji wa Korintho, upande wa mashariki. Sisi tunaokaa Malindi, Kilifi na Mtwapa hatuna haja ya kufundishwa bandari ni nini: vyombo huingia na kutoka, wageni huja na lugha zao, fedha hupita mikononi na maovu hupita pamoja nazo. Mahali kama hapo ndipo Fibi alipolitumikia kanisa.

Tumeanza na Fibi kwa sababu ya mama mwingine, mwinjilisti katika kanisa dogo la bara ya Kilifi. Alitujia mwisho wa semina, funguo za kanisa zimefungwa kwenye pindo la leso yake. Yeye ndiye afunguaye kanisa, ndiye afundishaye watoto, na mara nyingi ndiye azikaye wafu, maana mchungaji ana makanisa mengi na njia ni mbovu. Baadhi ya wazee walikuwa wamemwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba kwa desturi yetu Wamijikenda mwanamke hasimami mbele ya wazee akaongoza. La pili, kwamba kanisa hapa Pwani lililetwa na wanaume. Akatuuliza, "Mchungaji, nizirudishe funguo?" Tulikuwa na haraka ya safari. Tukamwambia aombe, tukaondoka. Njiani tuliona wazi kwamba tumemjibu vibaya. Kuomba alikuwa akiomba tayari. Alilokuja kutaka ni jibu.

Basi tumjibu leo, tukianza na hilo la desturi.

Mwaka 1913, katika nchi ya Wagiriama, alisimama mjane aliyeitwa Mnyazi wa Menza, ambaye sote twamjua kwa jina la Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Serikali ya Waingereza ilikuwa ikidai kodi ya nyumba na kuwataka vijana wakafanye kazi mbali na kwao. Mama huyo alizunguka kijiji kwa kijiji akisema hapana. Yasimuliwa kwamba katika mkutano na bwana Champion, mtumishi wa serikali, alileta kuku na vifaranga wake, akamwambia achukue kifaranga mmoja. Kuku akamdonoa. Ndivyo itakavyokuwa, akasema, mkiwagusa wana wetu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwa miguu mamia ya kilomita, katika nchi za watu wasiowajua. Agosti mwaka huo serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikafuata. Mekatilili alikamatwa tena, lakini aliporudi mwaka 1919 aliongoza baraza la wanawake kayani. Alifariki katika miaka ya 1920, na kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Hatutaki kumvika Mekatilili kanzu ya kanisa. Hakuwa Mkristo, na aliwaapisha wanawake kiapo cha mukushekushe, jambo ambalo sisi hatuwezi kulikubali. Lakini twauliza wazee: huyo alisimama mbele ya nani? Alisimama mbele ya wazee wa kaya, na walimsikiliza. Mtu akitaka kumzuia mama kanisani, basi atafute sababu nyingine, asiisingizie desturi ya Wagiriama.

La pili ni hilo la kanisa kuletwa na wanaume. Tunapowafundisha watoto wetu, twasema Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Twasahau kwamba hakufika peke yake. Mkewe Rosine alikuwa pamoja naye, na Julai mwaka huohuo alifariki kwa homa, siku chache baada ya kujifungua. Mtoto naye akafa. Kaburi la kwanza la misheni hii, lile lililo ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ni la mwanamke na binti yake. Rebmann naye husifiwa kwa miaka yake mingi ya Rabai. Mkewe Emma aliishi naye hapo mpaka alipofariki mwaka 1866. Kisha, tangu mwaka 1864, walikuja Waafrika waliokombolewa utumwani na kulelewa Bara Hindi, akina William Jones na Ishmael Semler, pamoja na wake zao. Kumbukumbu za misheni zina mengi juu ya waume. Juu ya wake zina machache, ingawa wanawake wa Rabai wasingekaribishwa nyumbani na kufundishwa na waume hao.

Jones na Semler walifanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Mwaka huo ukumbuke, maana katika mwaka huohuo, huko Uingereza, Mary Sumner alisimama kuzungumza na umati wa akina mama katika mkutano wa kanisa mjini Portsmouth, na Umoja wa Akina Mama ukaanza kuenea kutoka hapo. Alikuwa ameuanzisha parokiani kwao mwaka 1876. Wajua siku ya mkutano wake wa kwanza ilikuwaje? Aliogopa hata hakuweza kusema, akawaomba wale akina mama warudi juma lijalo. Nao walirudi. Twapenda sana habari hiyo, maana tunao viongozi wengi wanaodhani kutetemeka ni dalili kwamba hawakuitwa.

Waafrika wanaume waliwekewa mikono hapa Pwani mwaka 1885. Mwanamke wa kwanza kuwa kasisi katika kanisa letu la Kenya, Lucia Okuthe, aliwekewa mikono na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini mwaka 1983. Hesabu mwenyewe: miaka 98. Mwaka 2021 Emily Onyango akawa askofu msaidizi wa Bondo, na Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Yote hayo yametendeka bara. Sisi wa Pwani, tuliotangulia kusikia Injili, tusijivune sana.

Turudi kwa Fibi. Biblia yetu ya Union yamwita mhudumu. Neno la Kiyunani ni diakonos, na katika Wafilipi 1:1 neno hilohilo tumelitafsiri mashemasi. Ni kweli Paulo naye hujiita kwa neno hilo, na huko pia tumeandika mhudumu, kwa hiyo hatuwalaumu watafsiri. Twasema tu kwamba Fibi yumo katika safu moja na Paulo. Mstari wa 2 wamwita msaidizi wa watu wengi, na hapo neno la Kiyunani latokana na kitenzi cha kusimama mbele ya wengine. Wataalamu wengi huona kwamba ndiye aliyeupeleka waraka huo Rumi, safari ya bahari na nchi kavu, akiwa amebeba kitabu ambacho kanisa zima hukisoma hata leo.

Na Paulo hakumsifu tu akamwachia njia. Aliwaagiza Warumi wampokee, na wamsaidie katika neno lo lote atakalohitaji kwao. Mama yule wa funguo alikuja semina kwa miguu, na chakula chake cha mchana alikifunga nyumbani. Wanaume waliotoka kanisa hilohilo walikuja kwa matatu, na nauli yao ilitoka katika sanduku la sadaka ambalo yeye ndiye alihesabuye kila Jumapili.

Mama, kama redio yako imewaka, usizirudishe funguo. Jibu hili tumechelewa kukupa, utusamehe. Nanyi wazee wa kanisa lake, semina nyingine itafanyika baada ya mavuno. Nauli yake itoeni mapema, na ya kurudi pia.