Chakula Kama Sehemu ya Tiba: Mfano wa Kitale na Bungoma

Mgonjwa wa sukari au presha hutoka hospitalini na dawa, pamoja na agizo la "badilisha chakula". Dawa huelezewa vizuri, moja kutwa mara mbili. Chakula huachiwa ajijazie mwenyewe. Magharibi mwa Kenya, wapo waliojaribu kukiandika chakula kama dawa.

Mpango wa AMPATH ulianza Eldoret mwaka 2001, kati ya Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ukafika Kitale na Webuye, Bungoma. Vita vya wakati ule vilikuwa Ukimwi. Wagonjwa walimeza dawa lakini hawakupata nguvu, maana nyumbani chunguni hamna kitu. Mwaka 2002 likalimwa shamba Mosoriot, na mtaalamu wa lishe akawa anaandika chakula cha mgonjwa pamoja na wanaomtegemea. Walifikiri vyema: mama gani atakula mgao wake watoto wakimtazama?

Siku hizi ni sukari na presha. Trans Nzoia ni ghala la mahindi na Bungoma ni nchi ya miwa, kwa hivyo sima haikosekani wala chai tamu. Wengi wamehamia sima ya wimbi wakidhani ni dawa. Ina nyuzinyuzi zaidi, lakini ni wanga vilevile. Ukila mlima, sukari itapanda. Kinachosaidia ni kupunguza tonge na kuzidisha mboga: managu (ndio mnavu wetu), kunde, mrenda. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye vidonge vya mchuzi.

Lakini mboga na dawa zataka pesa. Trans Nzoia na Busia, utafiti wa wagonjwa 2,890, uliochapishwa 2021, uliwaweka baadhi yao katika vikundi vya kupimwa, kufundishwa na kuweka akiba pamoja. Baada ya mwaka, presha ya juu ilishuka kwa 16.4 kwa waliopata yote mawili, na 11.4 kwa waliohudumiwa kwa kawaida. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kukata shauri. Hata hivyo, mimi naona chama cha akina mama chenye mashine ya presha kina faida kuliko karatasi ya ushauri iliyobandikwa ukutani.

Hatari iko hapa. Anayetumia insulini au glibenklamidi akikata wanga ghafla, sukari yaweza kushuka mno: atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa. Apewe haraka kitu kitamu ikiwa aweza kumeza. Akizimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Kipimo cha dawa hupunguzwa na daktari, si jirani. Mwenye maradhi ya figo naye aulize kabla ya kuzidisha mboga na maharage, kwa sababu ya madini ya potasiamu. Na anayetaka kufunga Ramadhani aende kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, dawa zake zipangiwe saa za futari na daku.